Unatoka au Unaingia? Mto Ruzizi katika Vitabu vya Wasafiri

Masimulizi ya wasafiri wa karne ya 19 yametumiwa kwa muda mrefu kama chanzo cha historia ya Maziwa Makuu. Ni nadra, hata hivyo, kusomwa kama matini za lugha, yaani maneno yaliyopita vinywani mwa wakalimani kabla ya kufika kwenye karatasi. Habari za mto Ruzizi katika maandishi ya Richard Burton zinadhihirisha hasara ya kutofanya hivyo.

Mwaka 1858 mwenzake, John Speke, alimuuliza mfanyabiashara Hamed bin Sulayyim kuhusu mto wa kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Akaelewa kwamba unatoka ziwani. Basi huenda ukawa chanzo cha Naili. Huko Uvira, wana wa mtawala walieleza kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Ndipo mkalimani Sidi Mubarak Bombay aliposema kuwa Hamed naye alikuwa na maana hiyo, ila Speke hakumwelewa.

Katika kitabu chake cha mwaka 1860, Burton analichukulia jambo hili kama kosa la mtu mmoja. Kiisimu, tatizo ni pana zaidi. Speke na Bombay waliwasiliana kwa Kihindustani, si kwa Kiswahili. Aidha, kitenzi ‘kutoka’ hubeba dhana ya asili na dhana ya kwenda nje: mto ‘unaotoka kaskazini’ waweza kufahamika kwa namna mbili zinazopingana. Msomaji hupewa maana kwa Kiingereza, bila sentensi yenyewe, hivyo hana njia ya kuamua.

Udhaifu mkubwa zaidi ulijitokeza mwaka 1864, Burton alipodai kwamba Ruzizi unatoka ziwani. Ushahidi wa wenyeji, aliouandika kwa mkono wake mwenyewe, ulitupwa kwa ajili ya nadharia. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walifika kwenye mlango wa mto kwa mtumbwi, wakakuta maji yanaingia. Sifa ya ugunduzi ikawaendea wao, ingawa walithibitisha tu yaliyokwisha kusemwa Uvira.

Mabishano hayo yote, tena, yalihusu mlango wa mto tu. Juu yake, kati ya Bukavu na Kamanyola, kuna korongo linaloeleza mengi zaidi. Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, Tanganyika mita 770 hivi. Zamani maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Naili. Lava ya milima ya Virunga ikaziba njia, ziwa likajaa, likafurika kusini na kuchimba korongo. Nguvu ya mteremko huo iliyavuta mabwawa ya umeme: Ruzizi I mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi II mwaka 1989.

Mwanafunzi wa Goma hahitaji kwenda mbali kuyaelewa haya. Lava ya Nyiragongo iliyopita mjini hadi ziwani tarehe 17 Januari 2002, na ambayo watu wa Birere walijenga tena juu yake, ni ya safu ile ile iliyougeuza mto. Anapofundishwa nani ‘aligundua’ Ruzizi, hana budi kuuliza pia: nani aliulizwa, kwa lugha gani, na jibu lake lilitendewaje?