Muvi Zangu za Mwaka, Kutoka Banda la Wampembe

Ndugu msomaji, wewe uliyeko Dar au Mwanza, mwaka ukikaribia kwisha unaweza kukaa na washikaji mkabishana kuhusu filamu mpya zilizotoka. Sisi wa Wampembe hatuna ubavu huo. Muvi hutufikia ndani ya flashi, mfukoni mwa mtu aliyetoka Namanyere au Mbeya, ikiwa mjini imeshasahaulika. Kwa hiyo sheria yangu ni hii: filamu iwe imenifikia mimi mwaka huu. Hata kama ilitengenezwa kabla baba yangu hajazaliwa, kwangu ni mpya.

Kwa wasiopajua, Wampembe ni kata ya wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa, chini kabisa ambako uwanda wa Ufipa unateremka hadi kwenye maji ya Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ni Kongo. Tuna dagaa, tuna migebuka, na tuna banda umiza lenye sola, betri mbili na mabenchi yasiyo na huruma. Mpira wa Uingereza ndio mfalme humo. Baada ya mpira zinafuata za mapigano zilizotafsiriwa. Kinachobaki ndicho changu, kwa kawaida usiku wa katikati ya wiki, tukiwa watu tisa au kumi.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kutazama kwa makini mwaka huu. Naandika riwaya. Inahusu wavuvi na bibi mmoja wa pwani hii ya ziwa. Rafiki yangu mmoja aliyesoma kurasa zake arobaini alinishauri niihamishie Sinza, maana nani atalipa pesa kusoma habari za dagaa? Akaongeza: "Au kama lazima iwe Rukwa, basi weka wachawi wa kutosha." Ushauri huo sikuutupa. Niliingia nao bandani kila mara.

Muvi yangu ya kwanza kwa mwaka huu ni Supa Modo, ya Kenya, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Mtoto wa kike, Jo, anaumwa ugonjwa usiopona. Mama yake anamtoa kwenye kituo cha wagonjwa na kumrudisha nyumbani kijijini, akafie mikononi mwake. Jo anapenda muvi za mapigano kuliko chakula. Dada yake, Mwix, anaanza kumwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu kama wale wa kwenye skrini, na taratibu kijiji kizima kinaingizwa katika uongo huo mtamu. Kuna mahali watu wote wanaganda kama sanamu ili mtoto aamini kwamba amesimamisha wakati. Mle bandani palikuwa na kicheko, halafu kicheko kikakatika chenyewe bila mtu kuambiwa anyamaze.

Sasa sikiliza. Banda lolote la Tanzania lina katiba yake, na ibara ya kwanza inasema steringi hafi. Steringi anaweza kupigwa risasi saba, akatupwa mtoni, lakini atarudi. Hapa steringi ni mtoto wa miaka tisa, na anakufa. Dogo mmoja aliyekaa mbele yangu aligeuka akamuuliza mwenye banda kama kuna sehemu ya pili. Mimi nadhani ukubwa wa filamu hii uko hapo hapo. Haikufichi kitu. Tangu mwanzo unajua mtoto ataondoka, kwa hiyo hukai ukisubiri kujua kama atapona. Unasubiri kuona nani atakubali kuigiza kwa ajili yake, na nani atashindwa. Wala hakuna adui. Mama anapokataa mchezo ule anakataa kwa sababu anampenda mwanawe na hataki siku zake chache zipotezwe kwa maigizo. Anayemkatalia naye anampenda. Watu wawili wenye haki wamegongana, na jambazi hata mmoja hayupo! Jaribu kuandika hivyo uone kasheshe yake.

Na kuna mtu mle anaitwa Mike, mwenye banda la video, anayesimulia filamu za kigeni kwa maneno yake mwenyewe. Wakati tunamtazama Mike, mwenye banda letu alijinyoosha kidogo kwenye kiti chake. Ndugu zangu waandishi wanapenda kuwabeza hawa wasimuliaji. Mimi sibezi. Marehemu Lufufu, aliyeanza kazi hiyo hapa kwetu, alikuwa akichukua Mmarekani asiyejua hata Tanzania iko wapi, akampa matusi ya Temeke na shida za Temeke, na watu wakamwelewa. Huyo ni mtunzi. Kosa langu naye ni moja tu, kwamba msimuliaji anaogopa kimya. Supa Modo ina vimya virefu, na nashukuru tuliiona bila ya mtu kuvijaza.

Ya pili ni filamu ya kweli, ile ambayo watu wake hawaigizi. Inaitwa The Letter, yaani Barua, ya Maia Lekow na Christopher King, ya mwaka 2019. Kijana Karisa yuko Mombasa. Anaona kwenye Facebook kwamba bibi yake kijijini anaitwa mchawi. Anarudi, na kadiri anavyouliza ndivyo anavyogundua kwamba nyuma ya neno mchawi kuna shamba. Wazee wengi wa pwani ya Kenya wanaandamwa hivyo, na wanaowaandama ni damu yao wenyewe.

Msomaji wa mjini, wewe ukisikia Sumbawanga unacheka. Najua. Nimeshaulizwa Dar, tena na mtu niliyekutana naye dakika hiyo, kama ungo wangu nimeuegesha wapi. Katika vichekesho vyetu na katika bongo muvi, ukitaka mganga wa kutisha unamtoa Rukwa, unampa kaniki na kicheko cha puani, kazi imekwisha. Hawaulizi hata maana ya jina. Wazee wa Kifipa hueleza kwamba Sumbawanga ni kutupa uchawi: ukifika hapa, uache. Jina la kukataza limegeuzwa tangazo la biashara.

Filamu hii ilipoanza vijana walicheka pia, maana neno mchawi linachekesha popote. Baada ya nusu saa hakuna aliyecheka. Bibi wa kwenye filamu analima, anakaa kwenye mkeka, anatania wajukuu. Wanaomshutumu hawana pembe. Ni wajomba wanaokunywa chai. Kila mmoja wetu ana bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini, na kila mmoja amesikia mtu akiyataja macho hayo kwa sauti ya chini. Bibi wa riwaya yangu nilikuwa nimempa usiku mwingi na radi. Usiku huo nimeupunguza, radi nimeiondoa, nimempa shamba lenye mipaka.

Kuhusu Vuta N'kuvute ya Amil Shivji nitasema machache, maana wengi wenu mmeshaandika. Ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikapelekwa kugombea Oscar kwa niaba ya nchi, zaidi ya miaka 20 baada ya Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Ni nzuri kwa macho kupita zote nilizoziona. Lakini mimi riwaya ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, niliiazima kwa jirani aliyekuwa kidato cha sita, nikaisoma mara mbili, na Yasmin wa kitabuni ana mdomo na ana njaa. Wa kwenye filamu mara nyingi anatazama tu. Anatazama vizuri, sikatai. Banda lilibaki na watu watatu.

Bongo muvi nilizoziona ni kumi na moja, kumi kati yake zikiwa sebuleni, kwenye makochi yale yale. Tuendelee.

Ya mwisho imenikera, na nimeirudia mara nne. The African Queen, ya John Huston, ya mwaka 1951. Mmishenari Rose na fundi mlevi Charlie wanashuka mto na kiboti chao kwenda kulipua meli ya vita ya Wajerumani, Louisa, iliyoko ziwani. Humphrey Bogart alipata Oscar kwa kumwigiza Charlie, na alistahili. Lakini wanasema meli iliyompa mwandishi wa kitabu chake wazo hilo ni Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafikishwa Kigoma kwa vipande na kushushwa majini mwaka 1915. Hiyo ndiyo Liemba yetu! Hakuna aliyeilipua. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na kwa miaka mingi ikapita kwenye vijiji vya ziwa hili, ikisimama mbali huku mitumbwi ikiikimbilia na magunia, mbuzi na wagonjwa.

Filamu ilipigwa Uganda na Kongo, si kwenye ziwa letu, na watu weusi wake wanaimba kanisani, wanakimbia, wanatoweka. Mapenzi ya Rose na Charlie yanabaki na mto peke yao. Nilipokuwa natazama nilikuwa namtafuta mtu mmoja tu, yule wa kwenye mtumbwi. Sikumwona. Sasa yupo sura ya tatu ya riwaya yangu, anapiga kasia kuifuata Liemba usiku akiwa na gunia la dagaa, na Sinza hajawahi kufika.

Maangamizi sijaiona. Mwenye nayo aiweke kwenye flashi ampe mtu yeyote anayekuja Namanyere. Flashi itarudi.