Miaka Kumi Bila Jina: Jinsi Debian Ilivyoivua Firefox Nembo Yake

Aprili 2007, Debian, mradi wa mfumo endeshi huria, ilipotoa toleo lake la 4.0, maarufu kwa jina la Etch, watumiaji waliosasisha kompyuta zao walikikosa kivinjari cha Firefox kwenye menyu. Mahali pake palikaa programu iitwayo Iceweasel. Ukiifungua, kurasa zilifunguka kama kawaida, alamisho zilikuwa zilezile, na hata dirisha la mipangilio halikuwa limebadilika. Msimbo ulikuwa wa Firefox. Vilivyoondolewa ni jina na ile nembo ya mnyama mwekundu aliyejikunja kuizunguka dunia, na vyote viwili havikurudi hadi 2016.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa wakaidi wawili. Ukikifuatilia hatua kwa hatua, unakuta tatizo lilikuwa la ndani zaidi. Leseni za programu huria zilijibu vizuri swali la nani anaruhusiwa kunakili, kubadilisha na kusambaza msimbo. Hazikujibu swali la nani anamiliki jina, wala swali la nani atambuliwe kwa kazi iliyofanyika. Jina linalindwa na sheria ya alama za biashara. Sifa ya mtenda kazi, kwa sehemu kubwa, inalindwa na desturi tu. Kila mara mambo haya matatu yanapotiwa kapu moja, mradi unapasuka.

Mozilla, watengenezaji wa Firefox, wenyewe walikuwa wameshaonja machungu ya majina. Mwaka 2002 kivinjari chao kilianza kikiitwa Phoenix, jina lililogongana na la kampuni ya Phoenix Technologies. Aprili 2003 wakakiita Firebird, na hapo wakalalamika watu wa mradi mwingine huria, wa hifadhidata, uliokuwa ukilitumia jina hilo kabla yao. Februari 2004 ndipo lilipopatikana jina la Firefox, na safari hii Mozilla ililishika kwa nguvu zote kama alama ya biashara. Walikuwa na sababu. Programu inayoweza kunakiliwa na yeyote inaweza pia kuchanganywa na uchafu na yeyote, kisha ikasambazwa kwa jina lileile. Sheria ya alama za biashara ndiyo iliyowapa uwezo wa kumwambia mtu wa namna hiyo: msimbo chukua, jina liache.

Debian nao walikuwa na miiko yao. Tangu 1997 mradi huo wa wanaojitolea unafuata mwongozo unaoeleza programu ipi ihesabiwe kuwa huria. Kifungu cha nane kinasema haki zinazoambatana na programu zisiwe za Debian peke yake. Anayeichukua kutoka kwao na kuipeleka mbele lazima awe na haki zilezile. Nembo ya Firefox wakati huo ilikuwa na hakimiliki iliyokataza watu kuibadilisha, kwa hiyo haikuweza kuingia. Debian wakapata njia ya kati: jina la Firefox likabaki, picha ikawa dunia tupu isiyo na mnyama. Watu wa Mozilla walilijua jambo hilo, na kwa muda liliachwa lilivyo.

Februari 2006 Mike Connor, kwa niaba ya Mozilla Corporation, aliandika kwenye mfumo wa Debian unaopokea taarifa za hitilafu. Taarifa yake ilipewa namba 354622. Ujumbe ulikuwa wazi: jina na nembo haviachani, na anayetaka kutumia jina lazima atumie nembo pia. Mjadala ulipopamba moto mwaka huohuo, likaongezwa sharti la pili lililokuwa zito zaidi. Mabadiliko yote ambayo Debian wanayafanya kwenye msimbo yangehitaji kibali cha Mozilla kabla ya kutolewa kwa jina la Firefox.

Sharti hilo la pili ndilo lililovunja mazungumzo, na ili kuelewa sababu yake lazima mtu aijue kazi ya kila siku ya Debian. Toleo lao thabiti hukaa miaka, na katika miaka hiyo programu zilizomo kwa kawaida hazipandishwi toleo. Hupokea viraka vya usalama na vya hitilafu kubwa tu. Toleo lililotoka Juni 2005 lilikuwa na Firefox 1.0.4. Mozilla waliacha kuhudumia mfululizo wa 1.0 mwaka 2006, wakahamia mbele. Watumiaji wa Debian walibaki na mfululizo uleule. Kila tundu la usalama lilipogunduliwa kwenye toleo jipya, watunzaji wa Debian walilazimika kuchukua kiraka, kukirudisha kwenye msimbo wa zamani na kukishona upya ili kikae. Sasa kibali kingetoka kwa nani? Mozilla hawakuwa tena na watu wanaoushughulikia msimbo huo. Na kama kibali kingekataliwa katikati ya maisha ya toleo, Debian wangelazimika kubadilisha jina la programu kwenye kompyuta za watu waliochagua toleo hilo kwa sababu moja tu: halibadilikibadiliki.

Hapo Debian walikuwa sahihi, na inafaa kulisema waziwazi. Mwenye jina ana haki ya kukataa jina lake lisitumike. Ila kumtaka mtunzaji asubiri ruhusa huku tundu la usalama likiwa wazi ni kuhamishia hatari yote kwa mtumiaji. Jambo la kutia moyo ni kwamba njia ya kutokea ilikuwa imeshaandikwa katika mwongozo wa Debian wenyewe miaka tisa kabla. Kifungu cha nne kinakubali kwamba mwandishi anaweza kudai programu iliyobadilishwa iitwe jina jingine. Mozilla walidai, Debian wakatii.

Kubadilisha jina kulifanywaje? Waandishi wa Firefox walikuwa wamelitenga jina na msimbo mwingine tangu awali. Ndani ya hazina ya msimbo kulikuwa na saraka ya chapa, na humo mlikuwa na faili kama brand.dtd na brand.properties zenye thamani kama brandShortName. Menyu, visanduku na ujumbe wa makosa havikuandikwa neno Firefox moja kwa moja. Vililiita jina kutoka kwenye faili hizo. Aliyeunda programu bila kuweka chaguo la --enable-official-branding hakupata Firefox. Alipata jina la siri la toleo husika: Deer Park kwa 1.5, Bon Echo kwa 2.0, Gran Paradiso kwa 3.0. Debian hawakutaka jina linalobadilika kila toleo, kwa hiyo walitengeneza chapa yao, wakachora nembo yao na kukiita kifurushi Iceweasel, jina lililokuwa limeanza kama utani kwenye mijadala ya jamii hiyo. Thunderbird ikawa Icedove, SeaMonkey ikawa Iceape. Vikatengenezwa pia vifurushi vya mpito, ili aliyekuwa na Firefox apelekwe kwenye jina jipya bila kufanya lolote mwenyewe.

Shida ilijitokeza mahali ambapo jina halikuwa pambo. Kila kivinjari kinapoomba ukurasa hujitambulisha kwa seva kwa mstari wa maandishi, na tovuti nyingi za enzi hizo zilitafuta neno Firefox ndani ya mstari huo kabla ya kukubali kufanya kazi. Iceweasel ilipojitaja kwa jina lake, baadhi zilimfukuza mtumiaji au zikampa ukurasa duni. Suluhisho lililoonekana katika matoleo ya baadaye lilikuwa kuongeza maneno mwishoni mwa utambulisho: Iceweasel/3.5.16, kisha kwenye mabano "like Firefox/3.5.16". Kwa upande mwingine, nyongeza za kivinjari hazikuvurugika, kwa kuwa ziliitambua programu kwa kitambulisho kirefu cha ndani kinachoanza na ec8030f7, na hicho hakikuguswa. Jina la kuonekana lilikuwa la kisheria, kitambulisho kilikuwa cha kiufundi. Programu ikaishi na vyote viwili kwa muongo mzima.

Ubuntu, mfumo wa kampuni uliojengwa juu ya Debian, ulielewana na Mozilla ukabaki na Firefox. Hilo liliwafanya wengi wawaone Debian kama wabishi wasio na haja. Mtazamo huo unasahau kwamba kampuni inaweza kuketi mezani na kampuni mwenzake ikapata ruhusa yake. Mradi wa wanaojitolea unaoahidi haki sawa kwa kila atakayeuchukua msimbo hauwezi kukubali ruhusa isiyovuka mlango wake.

Mwafaka ulipatikana Februari 2016, na haukuletwa na wanasheria. Ulitokana na mambo ya kiufundi kubadilika. Tangu 2012 Mozilla walikuwa wakitoa toleo la ESR, linalohudumiwa kwa muda mrefu, na Debian walikuwa wameacha kushona viraka vya zamani wakalichukua hilo kwa toleo lao thabiti. Leseni ya nembo nayo ilikuwa imelegezwa. Sylvestre Ledru, aliyekuwa na mguu mmoja Mozilla na mwingine Debian, alifungua taarifa namba 815006 akieleza kwamba sababu za 2006 zimekwisha, na kwamba Mozilla inatambua viraka vya Debian haviharibu ubora wa Firefox. Machi jina lilirudi katika toleo la majaribio, Juni likafika kwenye toleo thabiti. Thunderbird ilifuata mwaka 2017.

Sifa ya kazi ni mgogoro wa upande wa pili: hapa mwandishi anataka jina lake litajwe, na leseni inatumika kulazimisha. Leseni ya zamani ya BSD, kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilitaka kila tangazo la bidhaa linalotaja programu hiyo libebe sentensi ya kukitambua chuo. Sentensi moja haina uzito. Lakini waandishi wengine waliiga leseni hiyo wakiweka majina yao, na Richard Stallman alipohesabu katika toleo moja la NetBSD la 1997 alikuta sentensi 75 za namna hiyo. Julai 1999 Berkeley walikifuta kifungu hicho.

XFree86 hawakujifunza. Huu ulikuwa mradi uliochora madirisha kwenye karibu kila kompyuta ya Linux. Februari 2004 ulibadilisha leseni kuanzia toleo la 4.4 na kudai utambulisho kwenye nyaraka za mtumiaji. Free Software Foundation ilisema leseni hiyo haipatani na leseni huria ya GPL. Red Hat, Debian, OpenBSD na wengine wakakataa kuichukua. Taasisi ya X.Org ikachukua msimbo wa kabla ya mabadiliko, na Aprili 2004 ikatoa toleo lake la kwanza. XFree86 ilitoa toleo lake la mwisho Desemba 2008, huku karibu wote walioitegemea wakiwa wamekwishaondoka. Madai yake ya kutambuliwa yalikuwa ya haki. Chombo kilichochaguliwa ndicho kilichoiua. Masharti ya leseni humbana msambazaji, na msambazaji ana mahali pengine pa kwenda.

Ndiyo maana sifa imelindwa vizuri zaidi pale ilipojengwa ndani ya zana zenyewe. Git, iliyoanza 2005, huhifadhi majina mawili kwa kila badiliko: aliyeandika na aliyeingiza. Mtunzaji wa kerneli ya Linux anaweza kuingiza kazi za mamia ya watu bila kufuta jina la hata mmoja. Chini ya maelezo huongezwa mistari kama Reported-by kwa aliyegundua kosa, Suggested-by kwa aliyetoa wazo, Co-developed-by kwa walioshirikiana. Hata hivyo zana haitoshi. Mwaka 2007 Ingo Molnar, mmoja wa waandishi wa kerneli, alipotangaza kipangaji kipya cha kazi za kichakataji, kilichoingia katika Linux 2.6.23, alimtaja Con Kolivas kuwa ndiye aliyeonyesha kwamba mgawanyo wa haki wa muda unawezekana. Kolivas alikuwa ameandika kipangaji chake mwenyewe, na hicho hakikuchukuliwa. Mwaka huohuo aliacha kazi ya kerneli. Alitajwa kwa wazo, lakini msimbo uliopokelewa ulikuwa wa mwingine, na hakuna mstari wa Git unaoziba pengo hilo.

Watafsiri wako mahali pabaya zaidi, na hapa suala linawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizofanyiwa kazi ya Kiswahili neno kwa neno na kisanduku kwa kisanduku. Kazi kama hiyo katika programu huria nyingi huhifadhiwa kwenye faili za PO. Kichwa cha faili kina mstari uitwao Last-Translator, na mstari huo una nafasi ya mtu mmoja: wa mwisho. Anayerekebisha sentensi tatu akahifadhi, jina lake hukaa juu ya jina la aliyetafsiri elfu tatu. Wa zamani hubaki kwenye maoni ya juu ya faili ikiwa tu mwenzake amejali kumwandika.

GNOME walibuni njia nyepesi ya kupunguza dhuluma hiyo. Miongoni mwa maneno ya kutafsiriwa waliweka moja lisilo la kutafsiriwa hata kidogo: translator-credits. Mahali pa tafsiri, mtafsiri anaandika majina yake na ya wenzake, na programu inayaonyesha kwenye dirisha la kuihusu kwa yeyote anayeitumia kwa lugha hiyo. Akiacha nafasi hiyo wazi, sehemu ya watafsiri haionekani kabisa kwenye dirisha.