Mpaka wa Jicho katika Kisa cha Simbi Nyaima

Oyugis ni mji wa soko kwenye barabara itokayo Kisumu kwenda Kisii, katika Kaunti ya Homa Bay. Hapo Wajaluo na Wagusii hukutana kwa biashara, na kutoka hapo njia huteremka hadi Kendu Bay, karibu na ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Kisa cha ziwa hilo ni miongoni mwa visa vya usuli vinavyojulikana sana katika eneo hilo, na aghalabu hufundishwa kama somo la ukarimu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chini ya somo hilo mna dhamira nzito zaidi: mpaka wa utambuzi wa binadamu, na wajibu wa mtu anapofika kwenye mpaka huo.

Kwa muhtasari, bikizee mmoja mchovu, aliyelowa mvua, aliingia kijijini Simbi wakati wenyeji walipokuwa katika karamu. Alifukuzwa mlango hadi mlango. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, naye baadaye akaonywa na mgeni wake aihame nyumba usiku uleule. Mvua ikazidi, kijiji kikazama, na mahali pake pakabaki maji. Wasimulizi hutofautiana katika vipengele vidogo, lakini uti wa mgongo wa kisa ni huo.

Ufasiri uliozoeleka hukifunga kisa hiki kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ufasiri huo ni sahihi, ila hautoshi, kwani hauelezi kosa la wanakijiji lilianzia wapi. Macho yao yalikuwa mazima. Waliona matambara, makunyanzi na tope la safari, wakayahesabu hayo kuwa ndiyo mtu mzima. Walichokosa ni ile shaka ndogo ya kuuliza iwapo kuna zaidi ya walichokiona.

Kuna wafasiri wanaokwenda hatua moja mbele, wakasema wanakijiji walipaswa kutambua kuwa bikizee yule alikuwa na nguvu zilizofichika. Hapa pana hatari, na hatari yenyewe si ya vitabuni. Imani kwamba mwanamke mzee aweza kukizamisha kijiji ndiyo imani iyo hiyo inayomtia kiberiti. Mwezi Mei 2008, katika eneo la Kisii, mwendo mfupi kutoka Oyugis, watu 11 walioshukiwa kuwa wachawi waliuawa kwa kuchomwa moto. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee 4 waliuawa kwa shutuma ileile. Aibu hii haina kabila. Kilifi wazee wameuawa kwa sababu ya mvi zao. Usukumani, nchini Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu huo uliletwa na moshi wa jikoni. Aliyeona wekundu hakudanganywa na jicho lake. Alidanganywa na uhakika wake juu ya maana ya wekundu huo.

Kwa sababu hiyo inafaa kumrudia mwanamke aliyefungua mlango. Je, alijua nini? Kisa hakimpi ndoto, ishara wala mnong'ono. Ujuzi wake haukuzidi wa jirani zake. Aliona mtu amelowa, akampisha penye moto. Fadhila yake basi imo katika kutenda vyema bila kujua, wala haitokani na jicho kali kuliko ya wenzake. Fani ya kisa inaliunga mkono jambo hili: msimulizi huchelewesha kufichua nafsi ya mgeni mpaka ukarimu umekwisha kutolewa. Hadhira inayokisikia mara ya kwanza huwekwa gizani pamoja na wahusika. Inayokisikia mara ya kumi huwacheka wanakijiji, ikisahau kuwa inajua mwisho ambao wao hawakuujua.

Riwaya ya Grace Ogot, The Promised Land (1966), inasaidia kupima hoja hii. Ochola, aliyehamia Tanganyika na mkewe Nyapol, anapatwa na ugonjwa wa ngozi usiotibika hospitalini, kisha mganga wa jadi anamponya. Ogot mwenyewe alisomea uuguzi na ukunga. Kwa hivyo anapoonyesha mpaka wa hospitali hasemi kwa kutoijua. Hata hivyo, anapoifungua akili ya msomaji kuhusu tiba, anaifunga kuhusu jirani, kwani mzee anayetuhumiwa anathibitika kuwa ndiye mrogaji. Kisa cha Simbi, kikisomwa kwa makini, hakimpi mtu yeyote leseni ya kushuku.

Wanajiolojia nao wanaeleza kuwa Simbi ni kreta iliyotokana na mlipuko wa volkeno, ikajaa maji ya magadi. Maelezo haya yana ushahidi, na mwalimu hana sababu ya kuwaficha wanafunzi. Wala hayakiui kisa. Kipimo cha mwanajiolojia hufika chini ya maji. Hakikusudiwi kupima mwenendo wa mtu mlangoni pake. Akili iliyo wazi hupokea kila ushahidi kwa mizani yake. Kuamini kila kinachonong'onwa ni jambo jingine kabisa: waliowasha moto mwaka 2008 walikuwa wepisi wa kuamini, na wagumu wa kuuliza.

Kwa kuhitimisha, kisa hiki kiendelee kufundishwa, lakini swali la mtihani libadilishwe. Badala ya kuulizwa bikizee alikuwa nani, mwanafunzi na aulizwe mwanamke yule alijua nini alipofungua mlango. Jibu ni kwamba hakujua, na alifungua.