Kumjua Fundi wa Nyonga

Mtaalamu wa fiziotherapia anayeijua nyonga huanza kazi kabla hajamgusa mgonjwa. Humtazama anavyoinuka kwenye benchi na mguu upi anauonea huruma. Kisha humuuliza kazi yake, na akisikia "mchimbaji" haridhiki. Mchimbaji wa wapi? Aliye kwenye duara (shimo la wachimbaji wadogo) la Nyarugusu, Kanda ya Ziwa, hushinda amechuchumaa akigonga mwamba, halafu hujipinda na kiroba cha mawe begani. Dereva wa malori makubwa ya mgodi yeye hukaa kitini saa nyingi. Nyonga ikikunjwa hadi mwisho na kuzungushwa ikiwa na mzigo, hubana ukingo wa gegedu unaozunguka tundu lake.

Kisha humuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Akigusa kinena, au akiukumbatia ubavu wa nyonga kwa kiganja, shaka iende ndani ya kiungo. Akigusa tako, fundi mzuri hukagua mgongo kwanza.

Kuna kipimo cha kumlaza mgonjwa chali, kumkunja goti kuelekea kifuani na kulisukuma ndani. Maumivu yakija, mwanagenzi hutangaza kwamba gegedu limechanika. Mjuzi hatamki neno, kwa sababu kipimo hicho huumiza hata panapokuwa na tatizo jingine, na picha za MRI huonyesha michaniko kwa watu wengi wasioumwa popote.

Kanda ya Ziwa inadai umakini wa ziada. Seli mundu ipo kwa wingi huku, na huweza kuzuia damu isifike kwenye kichwa cha mfupa wa paja mpaka mfupa ufe. Kijana anayechechemea, mwenye homa au maumivu yanayomwamsha usiku, hapewi zoezi. Anaandikiwa eksirei, na ikibidi rufaa ya hospitali ya Bugando. Kwangu mimi, anayejua kukataa mgonjwa ndiye wa kuaminiwa zaidi.

Taa ya joto na mafuta ya kuchua hutuliza, sikatai. Ila gegedu lina damu haba na haliungwi kwa kukandwa. Kinachofanyiwa kazi ni misuli inayolipunguzia mzigo. Simama kwa mguu unaouma: kiuno cha upande wa pili kikishuka, msuli wa pembeni ya tako ni dhaifu. Kipimo hiki cha Trendelenburg, daktari Mjerumani, hakihitaji umeme wala shilingi. Asiyekirudia baada ya wiki kadhaa atajuaje kama unaendelea?

Tahadhari na anayetaka umwone kila siku. Utafiti wa Uingereza uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2018 ulihusu wagonjwa 348 wenye nyonga inayobana. Waliopasuliwa kwa kamera walipata nafuu zaidi kiasi, lakini hata waliofanya mazoezi walipata nafuu, nao walipangiwa kumwona mtaalamu mara 6 hadi 10 tu ndani ya wiki 12 hadi 24. Kwa anayelipa nauli kutoka machimbo ya Mwakitolyo hadi Shinyanga mjini, tofauti hiyo na kwenda kila siku ni kubwa.

Na akikuamuru uache duara bila kuuliza nyumbani wanakula nini, mtafute mwingine. Aliye bora hujadiliana: mwezi huu baki juu kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe (vumbi lake ni balaa la mapafu, hilo nalo atakwambia), kalia kigoda kirefu badala ya kuchuchumaa, kiroba kijazwe nusu.