AKIBA INAYOOZA: UHAKIKI WA ISTILAHI MBILI ZA KOMPYUTA

Mtumiaji wa programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili hukutana na amri "onyesha upya", na mahali mashine inapoweka matokeo ya kazi iliyokwisha kufanywa pengine huitwa "akiba". Tunadai hapa kwamba istilahi zote mbili zinaficha jambo ambalo mtumiaji anapaswa kulijua kwanza.

Zana ya kuundia programu iitwayo Make, aliyoibuni Stuart Feldman katika maabara za Bell mwaka 1976, haifanyi kazi yote upya kila inapoitwa. Hulinganisha tarehe: faili la matokeo likiwa na tarehe ya karibuni kuliko mafaili ya chanzo chake, huliacha lilivyo. Ni busara, maana muda mwingi huokolewa. Lakini zana huona yale tu iliyoambiwa iyaangalie. Kikibadilika kitu kisichotajwa katika orodha yake, itaendelea kutoa matokeo ya zamani kwa utulivu kabisa. Ndipo mwandishi wa programu analazimika kutoa amri ya nguvu (katika Make ya GNU ni -B) ili kila kitu kiundwe tena.

Je, "onyesha upya" inaibeba maana hiyo? Tuipime huko yanakochimbwa madini yanayoingia ndani ya kompyuta: koltani ya Rubaya, katika teritwari ya Masisi, na bati la Bisie, Walikale. Kwa utaratibu wa serikali ya Kongo wa mwaka 2012, migodi ya wachimbaji wadogo hukaguliwa na kupewa rangi: kijani, manjano au nyekundu. Rangi hiyo ni matokeo yaliyohifadhiwa. Mnunuzi wa mbali haendi mgodini, husoma rangi. Mwishoni mwa Aprili 2024 wapiganaji wa M23 waliiteka Rubaya. Februari 2025 wizara ya madini ilitoa agizo la kuitangaza migodi kadhaa ya Masisi kuwa nyekundu. Mwenye daftari la kabla ya vita angeweza kulionyesha upya mara mia, rangi isibadilike, na fedha zikaendelea kuwafikia wenye bunduki. Huko Walikale mambo yalikwenda mbio zaidi: mgodi wa Bisie ulisimamisha kazi Machi 2025, ukaanza tena Aprili. Taarifa iliyokuwa kweli mwezi mmoja ilikuwa uongo mwezi uliofuata.

Kwa hiyo amri inayohitajika si ya kuonyesha. Ni ya kutupa na kurudi kwenye chanzo: "unda upya".

"Akiba" nayo ina kasoro ya aina nyingine. Methali husema akiba haiozi, na neno limekwisha kubeba sifa hiyo. Matokeo tunayoyazungumzia huoza. Kiswahili kina neno la chakula kilichopikwa jana, kinacholiwa asubuhi bila kupikwa tena, na ambacho mlaji mwangalifu hukinusa kwanza: kiporo. Tunalipendekeza. Watakaosema kwamba neno la jikoni halifai katika kamusi ya kompyuta watueleze "kipanya" kilipitaje. Hoja nzito zaidi ni ya eneo: neno hili la pwani na Tanzania lipimwe kwanza na walimu wa Goma na Bukavu, kabla halijachapishwa kana kwamba Waswahili wote wanakula meza moja.