Heko Mafundi wa Sampo wa Singida

Injini ikikosa oili, vyuma husagana mpaka ikafa. Ndiyo maana nawavulia kofia mafundi wa Singida wanaomfuata mwenye gari hadi uani kwake kubadilisha sampo inayovuja, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Mkoa huu una miamba hata katikati ya mji. Ukiacha lami kuelekea vijiji vya Mkalama au Ikungi, jiwe moja latosha kuitoboa sampo ya gari dogo.

Fundi makini halali chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu; hulikalisha kwanza juu ya stendi imara. Oili humwagwa ikiwa vuguvugu, itoke na uchafu wake. Kisha sampo hufunguliwa na gasketi kuukuu hukwanguliwa mpaka chuma king'ae, na hapa ndipo ninapowaheshimu zaidi, kwani ni rahisi mno kupaka silikoni juu ya uchafu na kuondoka na pesa. Sampo mpya hupakwa silikoni, na bolti hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana, mdomo wa sampo usipinde. Silikoni ikishakauka, oili mpya humiminwa, injini huwashwa, fundi hurudi chini na tochi. Oili chafu huikinga kwenye dumu, isiguse udongo wa mwenyeji wake.