"Funga Kioo": Upungufu Mmoja katika Istilahi za Gereji

Istilahi za sehemu za gari zimeshughulikiwa zaidi kwa upande wa majina kuliko kwa upande wa vitenzi. Msomaji hupewa "kioo cha mbele", basi. Jina hilo halina kosa: ni fupi, laeleweka, na mafundi wenyewe hulitumia. Lakini gari halitengenezwi kwa majina matupu. Atakayefasiri maelekezo ya kutoa na kurudisha kioo cha mbele cha kombi ya zamani ataona upesi mahali lugha inapomponyoka.

Tutazame sentensi nyepesi: "Funga kioo." Abiria akiisikia hupandisha kioo cha mlango ili mvua isiingie, fundi akiisikia hukiweka kioo mahali pake. "Fungua kioo" nayo ni vivyo hivyo. Katika mazungumzo ya gereji utata huu hauna madhara, kwani kioo chenyewe kiko mbele ya macho ya wote. Katika maandishi hakuna wa kuonyesha kwa kidole.

Yafaa kwanza kuijua kazi yenyewe. Kombi ya Volkswagen ilianza kuundwa mwaka 1950 ikiwa na vioo viwili vya mbele. Tangu 1967 ikapewa kimoja kipana. Katika aina zote mbili kioo kilishikwa na mpira wenye mifuo miwili: mmoja hushika kioo, na wa pili huuma ukingo wa bati la bodi. Wakati wa kukitoa, fundi hukaa ndani, akauinua mdomo wa mpira uvuke ukingo, huku akikisukuma kioo nje na mwenzake akikipokea. Wakati wa kukirudisha, kioo huvikwa mpira kwanza, na ugwe hulazwa katika mfuo wa pili, ncha zake zikining'inia ndani ya gari. Hupakwa maji ya sabuni. Kisha mmoja hukandamiza kioo kutoka nje, na mwingine huvuta ugwe kutoka ndani, mdomo wa mpira ukivuka ukingo kidogo kidogo hadi mzunguko utimie.

Magari mengi ya baadaye hayako hivyo. Kioo chake hugandishwa kwa gundi, na hutolewa kwa kuikata gundi hiyo kwa waya au kisu. Hapo kioo huongeza uimara wa bodi, na gari halifai kuendeshwa kabla gundi haijakaza. Mfasiri anayeandika "funga" kwa kazi zote mbili humnyima fundi habari hiyo. Huenda gari likatolewa barabarani mapema, kioo kikaachia siku ya ajali. Au mpira mzima, uliohitaji kuinuliwa tu, ukakatwa bure.

Hatuna haja ya kukopa neno. Kauli ya kutendua imekwisha kutupa jozi zilizo tayari, kama chomeka na chomoa. Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) kupachika na kupachua kioo, pale kinaposhikwa na mpira;

(b) kubandika na kubandua kioo, pale kinaposhikwa na gundi;

(c) kufunga na kufungua kioo viachiwe dirisha la mlango.

Kwa upande wa majina, "mpira wa kioo" watosha, mradi usiandikwe "mpira" peke yake, ambao waweza kuwa wa gurudumu au wa maji. "Kioo cha pembeni" kiepukwe kabisa: kwa mmoja ni dirisha, kwa mwingine ni cha kutazamia nyuma.

Yawezekana kupingwa kwamba fundi ataendelea kusema "funga". Na aseme, usemi wa gereji hauhitaji kibali chetu. Tunachodai ni kwamba maelekezo yaliyoandikwa yamwezeshe mtu asiyeiona kazi ikifanywa kujua, kwa kitenzi chenyewe, kama atashika ugwe au gundi.